Pua ya Pongo

Wateja wangu hapa Musoma wameshazoea kwamba supu ya kichwa kwangu inakuja na pua yake. Mgeni akija mara ya kwanza anainama juu ya bakuli, anaona mfupa mwembamba umechomoza kwenye mchuzi kama vidole viwili vilivyobanana, ananiuliza, "Dada, nyie huku hamkati?" Wazoefu wanamjibu kabla yangu: "Huyu hakatagi. Kula hivyohivyo, ndani ni safi." Hakuna anayejua sababu. Mimi nacheka, naongeza limao, maisha yanaendelea. Ila wiki hii nacheka kidogo. Wiki iliyopita tulimzika Mama Wambura kule Nyamuswa, mwanamke aliyenifundisha kupika kichwa, na pale msibani, kati ya akina mama waliokaa mkekani chini ya turubai, nikamwona mtu mmoja mwembamba, nywele nyeupe pee, anafuta miwani kwa pembe ya kanga. Miaka kumi na moja sikuwa nimemwona, lakini namna ile ya kufuta miwani, kwa kuikunja kanga mara tatu kwanza, hakuna mwingine anayo. "Shikamoo, Dokta," nikasema. Akanitazama muda mrefu, nikadhani hanijui. "Marahaba, Nyangeta. Bado unapika?" "Bado, Dokta." "Jumamosi nitakuwa Musoma. Nitakula kwako." Hayo tu. Akageuka kumsikiliza mama wa jirani yake, na mimi nikaenda kusaidia kuosha vyombo vya msiba, nikavunja sahani mbili.

Tangu siku hiyo sikai. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta cha kupangusa. Msichana ninayefanya naye kazi ameniambia, "Dada, masufuria yatatoboka, andika hata barua." Kwa hiyo naandika. Sijasoma sana, fomu foo nilitoka na divisheni foo na wala sikulia, kwa sababu wakati ule nilikuwa naamini kwamba mambo yangu mazuri yako kwenye basi fulani ambalo bado halijafika stendi. Naandika mwaka ule mmoja tu wa Bunda, maana mingine yote ninaweza kuisimulia huku nakata vitunguu, lakini huo nikianza kuusimulia mikono inasimama.

Nilikuwa na miaka ishirini. Mgahawa wa Mama Wambura ulikuwa nyuma ya stendi ya Bunda, mabati manne na viti vya mbao vilivyolainishwa na suruali za madereva. Kazi yangu ilikuwa vichwa. Asubuhi vinakuja na kiroba kutoka machinjioni, vya mbuzi na kondoo, mara mojamoja ng'ombe. Unavibabua manyoya motoni, unavikwangua kwa kisu, unavisugua na majivu, halafu unachukua kishoka. Pigo la kwanza, pua inaruka. La pili, taya linaachia. La tatu, fuvu linapasuka katikati ili ubongo upatikane. "Pua haina nyama," Mama Wambura aliniambia siku ya kwanza, akiwa amesimama juu yangu mikono kiunoni. "Imebeba makamasi na nyasi, itatuchafulia mchuzi. Hiyo tunatupaga." Nyuma ya banda mbwa wa mtaa walikuwa wamekaa kwa mstari kama watu wa kliniki, wanazisubiri. Ndani ya mwezi mmoja mkono wangu ulikuwa unafanya kazi peke yake. Mimi nilikuwa mbali. Basi la Mwanza likipiga honi nilikuwa Mwanza, nimevaa sare nyeupe, nauguza watu. La Arusha likipita nilikuwa mtangazaji wa redio. Mama Wambura alikuwa anasema, "Nyangeta yupo, ila ameacha mwili tu hapa utusaidie."

Dokta Neema aliingia pale siku moja ya mvua, akala kichwa cha mbuzi chote, halafu akaomba gazeti afunge mifupa. Madereva wakatazamana. "Mama, nyumbani una mbwa?" mmoja akauliza. "Nina meza," akajibu. Alikuwa mtafiti, ametoka chuo kikuu mjini, umri kama wa mama yangu mdogo, amepanga nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa pili kutoka kiwanda cha pamba. Alimwambia Mama Wambura anahitaji mtu wa kumchemshia vichwa mpaka nyama yote iachie, bila kuvunja hata mfupa mmoja. Mama Wambura akanisukuma mbele kwa kiganja mgongoni. "Mchukue huyu. Anaotaga mchana, lakini mkono wake mwepesi. Ila asubuhi nitamhitaji."

Ile nyumba naiona mpaka sasa. Chumba cha kwanza kilikuwa na kitanda na maboksi. Cha pili kilikuwa na milango miwili ya zamani iliyolazwa juu ya matofali ikawa meza, na juu yake mafuvu kwa mstari: mbuzi, kondoo, ng'ombe, nyumbu, nyati, swala, kila moja na karatasi yake. Msimu wa pamba nyuzi zilikuwa zinaingia dirishani zinatua juu ya vile vichwa, ikawa kazi yangu kila mchana kuvifuta nywele hizo nyeupe kwa brashi ya viatu. Cha tatu kilikuwa jiko. Dokta alikuwa hali kwa kukaa. Alikuwa anasimama na kikaango mkononi, anatembea kutoka chumba hadi chumba akitafuna dagaa, anaongea na yale mafuvu zaidi kuliko na mimi. Majirani waliamua kwamba yule ni mganga. Kuna mama alikuja na kuku chini ya kwapa, akaketi mlangoni, akasema mume wake amehamia kwa mwanamke mwingine Suguti, anaomba arudishwe. Dokta alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mama yangu, mimi naweza kukwambia alikula nini tu." Yule mama akafikiri kidogo. "Alikula ng'ombe zangu mbili za mahari." Akaondoka na kuku wake, lakini alikuwa anacheka.

Na kweli ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, kujua nani alikula nini. Kwenye korongo moja mbele ya Butiama, mvua ilikuwa imekata ukingo wa shamba, na mkulima akaona kichwa cha jiwe kinamtazama. Kilikuwa kichwa cha mnyama mwenye kwato ambaye hakuna mtu aliye hai amewahi kumwona. Kizazi chake chote kilikwisha zamani sana, mfupa ukageuka jiwe. Pembe zimevunjika, taya la chini halipo, meno yote yameanguka yakaacha mashimo. Lakini pua ilibaki upande mmoja, nzima mpaka ncha. Dokta aliponipeleka kukiona kwenye boksi lake la pamba, alikuwa anakishika kama mtu anayeshika mtoto wa jana. "Huu mfupa ndio wa kwanza kuvunjika siku zote," aliniambia. "Mwembamba, hauna nguvu, ila ndio unaoupa mdomo umbo lake. Kwa wanyama wa kale karibu hatuupati kabisa. Huyu ametuachia." Mimi nikafikiria zile pua nilizokuwa nawarushia mbwa, kumi kwa siku.

Alinifundisha kwa kunyooshea kidole mezani, bila kitabu. Tazama nyumbu, alisema, mdomo mpana, umekatwa mbele kama koleo, maana anaishi kwa nyasi na nyasi hazichaguliwi, unakumba tu. Sasa tazama swala wa vichakani anayekula majani: mdomo umechongoka, maana lazima aingize ncha katikati ya miiba achukue jani moja aache jingine. Mla nyasi meno yake ya nyuma ni marefu, kwa sababu nyasi zina vumbi na ugumu, zinayakwangua kama msasa. Meno marefu yanataka nafasi, kwa hiyo jicho linasukumwa nyuma na shavu linakuwa na ukingo mkubwa wa kushikilia msuli wa kutafunia. Nikawa siwezi kula na mtu bila kumtazama mashavu. Madereva walilalamika kwa Mama Wambura kwamba binti yake anawakodolea macho. Halafu siku moja Dokta akasema jambo ambalo sijaacha kulitafuna. Tulikuwa tunaangalia meno ya mbuzi wa Mama Wambura mwenyewe, mbuzi aliyefungwa kamba mwezi mzima kwenye majani makavu ya uwanja wa shule. Umbo la fuvu, alisema, linakwambia babu zake walimwandalia mdomo wa kula nini. Mikwaruzo juu ya jino inakwambia yeye mwenyewe, siku zake za mwisho, alikula nini hasa. "Na si lazima vilingane?" nikauliza. "Mara nyingi vinalingana," akasema. "Visipolingana ndipo naamka mapema."

Vipimo tulichukua wawili. Mmoja anashika kalipa, kile chuma chenye taya mbili cha kupimia, anasoma namba kwa sauti. Mwingine anaandika daftarini, halafu anasema, "Rudia." Yule wa kwanza anafungua kalipa, anapima upya tangu mwanzo, anasoma tena. Zikilingana ndiyo namba inawekewa alama. Dokta alikuwa anasema "rudia" bila kuinua uso, kama mtu anayeitikia kanisani. Baada ya miezi mitatu aliniachia kalipa mimi. Baada ya mitano akaniambia, akiwa amesimama na kikaango chake, "Wakubwa wa mradi wanakuja Musoma mwezi ujao kusikiliza tumepata nini. Wakikubali tuendelee, nitakuchukua uende stoo kule mjini, pale mifupa yote inapokaa. Utajifunza kazi yenyewe. Cheti cha fomu foo hakitakuwa shida, mikono yako nimeiona." Nakumbuka nilirudi stendi na kila basi nililiangalia kwa huruma, kwa sababu sikuwa na haja nalo tena.

Pongo alikuja wiki ile ile. Ni mnyama wa vichaka vya mtoni, mkubwa kidogo kuliko mbuzi, mla majani hasa, na Dokta alikuwa amemsubiri muda mrefu kwa sababu mstari wa wala majani pale mezani ulikuwa umepwaya. Huyu aligongwa na gari barabarani, na watu wa wanyamapori wakampa Dokta kichwa chake pamoja na karatasi ya kibali yenye mihuri mitatu. "Huyu hatutapata mwingine kabla ya mkutano," alisema. "Mchemshe pole pole." Asubuhi yake akaenda Butiama siku nne kumalizia kuchimba. Kuni za pale nyumbani zilikuwa zimelowa. Nikaona si tatizo, nikambeba pongo kwenye ndoo mpaka jikoni kwa Mama Wambura, ambako moto ulikuwa unawaka tayari, nikamweka pembeni ya vichwa vya siku ile. Nilimkwangua. Nilimsugua majivu. Basi la Mwanza likaingia na muziki wake, konda ananing'inia mlangoni anaita watu, na mimi nikawa nimeshafika mjini, nimevaa koti jeupe la stoo, nafungua kabati refu lenye mifupa, mtu ananiuliza, "Dada Nyangeta, huyu alikula nini?" Nikamjibu kitu cha akili. Mkono ukapiga. Nikasikia ile sauti ndogo, kama ganda la karanga, na mkono huo huo, bila kuniuliza, ukarusha pua nyuma ya banda.

Nilimkimbiza yule mbwa mpaka kwenye maghala. Watu walicheka sana. "Muachie, sista, na yeye ana njaa," kijana mmoja wa bodaboda aliniambia. Nilirudi na kipande kama ukucha wa kidole gumba, kimelowa mate. Mama Wambura alikuwa mlangoni, kishoka ameshakichukua mkononi mwake, anatazama kile kichwa cha pongo. Hakuuliza. Alisema tu, "Mwambie akirudi. Siku hiyo hiyo." Nikaitikia ndiyo. Nilimaanisha ndiyo, nawaapia. Lakini zilikuwa siku nne, na siku nne ni nyingi kwa mtu anayeota. Siku ya tatu nilichukua fuvu la kondoo kati ya yale ya ziada, nikaitoa pua yake kwa wembe taratibu, nikaibandika kwa pongo kwa gundi ya viatu, nikajaza mshono kwa majivu na nyuzi za pamba. Ilikaa vizuri. Nilivyoiangalia nilipata hata majivuno kidogo, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo kuliko kishoka.

Alirudi na matope mpaka magotini, amechoka, ana furaha. Hakukaa. Akafungua daftari akiwa amesimama, akasema, "Haya, pongo. Upana wa mdomo." Nikafungua kalipa, nikasoma namba. Kalamu yake ikaandika, kisha ikasimama. "Rudia." Alisema vile vile kama siku zote, uso chini. Nikafungua kalipa upya tangu mwanzo. Nikasoma namba ile ile. Akaweka alama.

Sikujua nilichokuwa nimefanya mpaka kesho yake mchana. Nilikuwa jikoni nageuza ugali, yeye yuko chumba cha mafuvu anaongea na simu, anatembea, nasikia hatua zake zinakwenda na kurudi. "Mdomo kama wa kondoo," alikuwa anasema. "Hapana, amepima mara mbili, binti yangu hakosei. Basi kama mla majani wa vichakani anaweza kuwa na mdomo mpana hivi, pua ya yule wa Butiama hainiambii kitu. Ndiyo. Ndiyo, najua nimesema nyasi mwaka mzima. Nitaifuta." Hatua zikasimama. "Nimemtazama dirishani. Kuna kitu sikielewi pale mbele, lakini macho yangu siku hizi yananidanganya, siyaamini." Nilipompelekea ugali alikuwa amesimama mbele ya kile kichwa cha jiwe, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuaga. Kwenye karatasi alizoandaa kwa ajili ya wakubwa, neno "nyasi" lilikuwa limekatwa kwa mstari kila mahali, na juu yake ameandika "haijulikani". Alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekuwa namfanya afute. Hakula. Nami sikula. Wiki nzima tulipishana mle ndani kama watu wawili wanaotafuta kitu kimoja kilichopotea, ila mmoja anajua kilipo.

Mtaniuliza kwa nini sikusema siku hiyo. Nilikuwa na sababu moja na ilikuwa nyumba ndefu yenye makabati. Kila nikifungua mdomo naliona koti jeupe, naufunga. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilikwenda stendi mara tano kwa siku bila kazi. Mama Wambura alikuwa ananitazama nikipita. Siku moja akanikamata mkono, akasema, "Umemwambia?" "Nitamwambia." "Haya," akasema, akauachia mkono wangu kama kitu cha moto.

Musoma tulifikia nyumba ya wageni karibu na ziwa. Mkutano ulikuwa saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi wa upande wa pili wa barabara. Tulikunywa chai barazani, chapati na sato wa jana yake aliyepashwa moto, ndege weusi wamekaa juu ya mawe wanakausha mabawa. Dokta alikuwa amevaa gauni la kitenge ambalo sijawahi kumwona nalo. Karatasi zake zilikuwa mezani, juu yake ameweka kijiko zisipeperuke. Alikuwa anasoma kwa sauti ndogo: haijulikani, haijulikani. Mara ya tatu nikashindwa.

"Dokta, pua ile si ya pongo."

Hakuinua uso. "Ni ya nani?"

"Ya kondoo. Niliikata ya pongo kwa kishoka, kwa mazoea. Nikabandika."

"Yenyewe iko wapi?"

"Mbwa."

Akavua miwani. Akakunja pembe ya kanga yake mara tatu, akaanza kufuta, akafuta muda mrefu mpaka nikataka anipige yaishe. Halafu akasema, kama anaongea na mtu aliye ndani ya ziwa, "Kumbe macho yangu ni mazima." Ndiyo maneno ya kwanza aliyosema. Akatoa kijiko juu ya karatasi, akachukua kalamu, na pale pale barazani akaanza kurudisha neno lake, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Chai yake ilipoa.

Sikuingia ukumbini. Nilikaa nje chini ya dirisha na boksi la lile fuvu la pongo mapajani, na nilisikia. Alieleza mdomo mpana, shavu lenye ukingo mkubwa, jicho lililosukumwa nyuma, akasema yule mnyama wa Butiama alikuwa mla nyasi na kwamba pale palipo mashamba sasa palikuwa na uwanda wa nyasi. Halafu akasema, "Kipimo cha pongo nimekitoa. Fuvu liliharibika mikononi mwetu." Sauti nzito ya mwanaume ikauliza, "Aliyeliharibu ni nani?" Akajibu, "Mradi wangu." Karatasi zikafunguliwa, wakaendelea. Walimkubalia.

Alipotoka alinikuta nimesimama. "Stoo sitakupeleka," alisema. Hakuwa na hasira, ndiyo maana iliniuma. "Ulipokata, ilikuwa bahati mbaya. Uliposoma mara ya kwanza, uliogopa. Lakini nilikwambia urudie, Nyangeta, na ukarudia. Kule kila mtu anaishi kwa namba aliyoandika mwenzake aliyekufa zamani. Siwezi." Nikasema, "Naelewa, Dokta." Akasema, "Umeniambia kabla sijaingia. Hilo nalo nimeliandika." Akanipa mkono, nikaushika kwa miwili. Nilirudi Bunda na basi ambalo sikuangalia hata jina lake.

Mama Wambura hakuniuliza. "Vichwa vinakusubiri," alisema. Nikababua, nikakwangua, nikasugua. Nikashika kishoka. Mkono, ule mkono mwepesi unaofanya kazi peke yake, ukagoma. "Kata," akasema Mama Wambura. "Siwezi, mama." Mbwa wamekaa kwa mstari, wateja wanagonga vijiko. Alinitazama, akatazama kichwa. "Basi uoshe ndani vizuri," akasema. "Maji ya chumvi na kijiti." Nimeosha hivyo miaka kumi na moja, kwake, na sasa hapa kwangu. Kichwa kimoja kinanichukua muda wa vitatu. Nikiwa naosha nayaangalia meno, siwezi kujizuia. Najua mbuzi yupi alitoka vichakani na yupi alifungwa kamba uwanjani. Na mara nyingi najiuliza mimi mwenyewe, kama mtu angelishika fuvu langu, angeona mdomo wa kuchagua jani moja moja mahali pa mbali, halafu angeyageuza meno akaona miaka ya nyasi hizi hizi za stendi. Sijui kama angesikitika. Mimi siku nyingine nasikitika, siku nyingine nacheka, lakini bado basi likipiga honi nainua kichwa.

Hayo niliandika mpaka Ijumaa. Leo ni Jumapili, namalizia.

Alikuja. Alikuja mapema, kabla ya wateja wa kanisa la Sabato kutawanyika, amebeba boksi la kadibodi kwa mikono miwili. Nilimpa kichwa kizuri kuliko vyote. Alikula amesimama, msichana wangu akanikonyeza. Alipomaliza alikigeuza kile kichwa, akapitisha kidole juu ya pua, taratibu, mpaka ncha. "Hukati," alisema. "Sikati, Dokta." "Mama Wambura alinisimulia. Nilikuwa nampigia simu kila mwaka, ulijua hilo?" Sikujua. Akapangusa meza kwa kiganja, akafungua boksi. Ndani, kwenye pamba, lilikuwa fuvu la pongo, zima, pua yake imechongoka kama ncha ya jani. "Nimeliazima, Jumatatu linarudi. Kule stoo pongo nimeshapima wengi. Ila kuna daftari moja, la Bunda, lina mstari mmoja mtupu tangu nilipoifuta namba ile. Mimi nimestaafu, na sipendi kuacha daftari hivyo." Akatoa daftari. Lilikuwa lile lile, jalada limefungwa kwa uzi. Akatoa kalipa, akanisogezea. "Namba zake ndogo, siku hizi sizioni kabisa. Macho sasa yamekufa kweli. Nisomee."

Nilipangusa mikono kwenye aproni mara mbili. Nikaweka taya za kalipa pande mbili za ile pua, nikasoma. Akainamia daftari mpaka uso ukakaribia kugusa karatasi, akaandika. Nikasubiri. Watu wawili waliingia, wakaomba supu, msichana akawaambia wakae. Dokta akaweka alama mbele ya namba, akafunika kalamu, akaanza kufunga ule uzi.

"Subiri kidogo, Dokta," nikasema.

Nikafungua kalipa, nikairudisha tangu mwanzo, nikapima upya.